Kumbi za Barafu za Jirani Yangu

Mwanangu alipohamia Kanada na mkewe na mtoto wao, ndipo nilipojua kwamba siku za kazi hazina shida. Zenye shida ni siku za mapumziko. Wodini nilikuwa na wagonjwa, kengele za vitandani, na wauguzi wenzangu wa kuniuliza kama nimekunywa chai. Nyumbani kwangu Kenton, mtaa wa London, nilikuwa na meza ya watu wanne yenye kiti kimoja kilichochakaa, kile ninachokalia mimi. Siku nyingine ilifika jioni nikagundua kwamba tangu asubuhi sijatoa sauti, hata ya kukohoa.

Kila Jumapili mwanangu alinipigia simu ya video. Tulisalimiana, akanionyesha theluji nje ya dirisha lake, kisha akamwita mjukuu wangu aje aniamkie. Mtoto alikuja, akasema jambo moja kwa Kiingereza, akaondoka. Sikumlaumu. Kiswahili alikuwa akikielewa vizuri nilipokuwa nikimlea hapa London mama yake akiwa kazini, lakini ulimi wake haukukizoea, na huko alikokwenda hakukuwa na mtu wa kumsemesha kwacho.

Baridi ya kwanza ilipoingia, mwanangu akanitumia video. Kundi la watoto, wamevaa helmeti na mavazi mazito yaliyowatanua mabega, walikuwa wakiteleza juu ya barafu wakifukuzia kitu kidogo ambacho sikuweza hata kukiona. Chini aliandika kwamba mtoto ameanza hoki, na kwamba huko ndio mchezo wa kila mtu. Niliitazama video ile mara nyingi mno. Mtoto ambaye nimemwogesha, nimemnyoa nywele, na alama ya chanjo yake ninaijua ilipo, sasa nilikuwa na picha yake inayotembea mkononi mwangu, na sikujua yeye ni yupi.

Nilikuwa bado na ile simu mkononi nilipotoka kutoa pipa la taka, na jirani yangu akaniona.

Jirani huyu wa upande wa kushoto alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru. Mkewe alifariki kabla mimi sijahamia mtaa ule, na binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa akiishi Leicester. Kwa miaka tulijuana kwa mambo ya mapipa: yeye alikumbuka wiki ipi gari la taka huchukua pipa la rangi gani, nami nilimsukumia lake hadi barabarani mgongo ulipomkaba. Siku ya kwanza aliponisikia nikiongea na dada yangu wa Voi kwa simu huko bustanini, alichomoza kichwa juu ya ua akasema, "Kumbe wewe mtu ya nyumbani." Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, cha zamani, hakijali ngeli hata moja, lakini kilikuwa na kasi na ucheshi. Alipojua kazi yangu akaanza kuniita sista, kama wanavyoitwa wauguzi kule kwetu. Mimi nilimwita mzee.

"Sista, nani amefanya wewe uso kama hiyo?" akauliza.

Nikampa simu. Aliisogeza mbali, akaileta karibu, akavaa miwani, akaivua.

"Hii hoki ya barafu," akasema. "Hii mimi najua. Nimetazama sana, hapa Wembley."

"Wembley ipi, mzee?"

"Wembley hii yetu. Ile ukumbi kubwa karibu na uwanja ya mpira. Sasa watu naenda sikiliza muziki. Zamani chini ilikuwa barafu, na timu ilikuwa nalipwa mshahara. Wachezaji mingi ilitoka hukohuko Kanada, kwa mtoto yako."

Nilikuwa nimeingia ukumbi ule mara moja, kwa tamasha la nyimbo za injili, na nimepita pembeni yake kwa basi mara zisizohesabika nikienda kununua unga wa ugali na sukuma wiki. Sikujua kabisa. Nikamwambia hivyo.

"Njoo kunywa chai," akasema. "Nitakufundisha mchezo. Utajua mambo ya kuuliza kijana yako."

Jikoni kwake palikuwa pasafi kwa namna ya nyumba ambayo mtu mmoja tu anaitumia. Alichemsha chai ya maziwa na tangawizi, akafuta meza, akaanza kupanga timu. Kipa alikuwa kikopo cha chumvi. Mabeki walikuwa vijiko. Kizibo cha chupa ndicho kilichokuwa kile kitu kidogo nisichokiona, kisahani cheusi cha mpira mgumu ambacho wachezaji hukigombania kwa magongo yao. Alinieleza kwa nini mchezaji akikosea hufungiwa kwenye kibanda pembeni kwa muda, wenzake wakabaki pungufu, na kwa nini wachezaji hubadilishana mbiombio bila mchezo kusimama. Nilimuuliza maswali ya kijinga akayajibu yote bila kucheka. Nilipomuuliza yeye aliujuaje mchezo wa Wazungu wa nchi za theluji, akakaa chini.

Alikuja London kijana, peke yake, akiwatangulia wazazi wake. Ilikuwa ile miezi ambayo Wahindi wa Kenya walikuwa wakiondoka kwa haraka kwa sababu ilisikika kwamba mlango wa Uingereza utafungwa. Alipanga chumba Wembley kwenye nyumba ya mtu asiyependa wapangaji wake wakae ndani mwishoni mwa juma. Alipata kazi kiwandani, kwenye mashine ambayo haikuruhusu mtu kumsemesha mwenzake. Jumamosi alikuwa akizunguka barabarani hadi miguu iume.

Nakuru kulikuwa na hoki. Mimi nililelewa nikijua mpira wa miguu tu, lakini yeye akaniambia kwamba kwa Wahindi wa Kenya wa siku zile hoki ndiyo iliyokuwa mchezo wa mioyo yao, kwenye viwanja vya udongo mwekundu, kwa magongo yaliyopinda, na kila Jumapili baba yake alifunga duka la vitambaa mapema wakaenda. Basi Jumamosi moja akapita mbele ya ukumbi ule wa Wembley akaona bango limeandikwa hoki.

"Nikasema, Mungu mkubwa, hata hapa iko hoki," akaniambia. "Nikarudi chumbani, nikapiga pasi suruali nyeupe. Nilifikiri nitakuta vijana yetu. Labda wanahitaji mchezaji moja."

Alinunua tiketi akaingia, baridi ikampiga usoni, na mbele yake pakawa na barafu tupu, na taa, na majitu meupe yenye meno yaliyovunjika yakigongana na kuta. Akadhani amepita mlango usio wake. Lakini alikuwa ameshaketi, watu wamejaa kushoto na kulia, na akaona haya kuwasumbua wainuke apite. Akabaki hadi mwisho, na suruali yake nyeupe.

"Sasa kwa nini ulirudi?" nikamuuliza, maana alikuwa ameniambia kwamba alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena.

Alifikiri kidogo. "Watu walikuwa nakaa karibukaribu," akasema. "Hiyo mwaka, sista, hakuna mtu London alinigusa. Hata kinyozi alikuwa nashika kichwa yangu kama naogopa. Lakini pale ndani, bega kwa bega. Mtu nashangilia, naruka, naangukia mimi, nasema samahani. Mimi nilikuwa nangoja Jumamosi wiki nzima kwa hiyo."

Kazi yangu mimi ni kugusa watu. Ninawageuza, ninawapangusa, ninawashika mkono wakichomwa sindano. Nilipojaribu kukumbuka ni lini mtu mwingine alinigusa mimi, kwa jambo lisilokuwa la kazi, nilikumbuka uwanja wa ndege, mwanangu akiaga.

Jumapili ile mtoto alipoletwa mbele ya simu, nikamuuliza anacheza nafasi gani, na kama ameshawahi kufungiwa kwenye kibanda cha adhabu. Badala ya kuondoka, akaketi. Akanijibu kwa Kiingereza, maneno yakikimbizana, kwamba yeye ni beki, kwamba alifungiwa mara moja tu na haikuwa haki, refa hakuona. Mimi nikamuuliza kwa Kiswahili, yeye akajibu kwa Kiingereza, tukaenda hivyo hadi mama yake akamwita akale chakula. Kabla ya kuondoka akaniambia namba ya jezi yake. Nilipoifungua ile video tena nikamwona mara moja, wa nyuma kabisa, ameanguka, anainuka.

Nilimpelekea mzee habari kama niliyepata barua. Akafurahi, kisha akasema, "Mimi nataka kwenda kuona ile ukumbi. Miaka yote napita tu. Peke yangu naona aibu."

Tukaenda siku yangu ya mapumziko, kwa basi, mchana, yeye na kadi yake ya wazee ya kupanda basi bure na kofia ya sufu iliyofunika masikio. Ukumbi ule ni jengo refu la zege lenye mbavu nje, na siku hizi umezingirwa na maghorofa mapya, maduka, na migahawa, hata ukitoka stesheni huuoni mpaka uufikie. Mlangoni palikuwa na mlinzi, baba wa Kikongo mwenye koti la rangi ya kung'aa. Alitusikia tukizungumza akatufuata.

"Mama, mzee, munatafuta nini?" akauliza, kwa Kiswahili cha kwao.

Nikamweleza kwamba mzee alikuwa akija hapa zamani kutazama hoki ya barafu, anataka tu kuchungulia ndani.

"Barafu?" Mlinzi akatazama jengo kama anayeliona siku ile. "Miye nilisikia kama chini kuko bwawa ya kuogelea, ya zamani sana, walifunika. Lakini sijaiona. Leo siwezi kubaingiza, mama. Watu ya muziki banatengeneza ndani. Munisamehe."

Alisema kweli, baadaye nilikuja kujua kwamba ukumbi ulijengwa kwanza kwa ajili ya kuogelea, na barafu ilitandazwa juu yake majira ya baridi. Lakini mzee hakuwa akisikiliza. Alikuwa amesimama akiitazama milango kwa hasira.

"Hapa si mlango," akasema. "Nani ameweka mlango hapa?"

"Mzee, labda ni kumbukumbu..."

"Kumbukumbu yangu iko sawa. Mlango ilikuwa upande ile."

Mlinzi akasema ni kweli, wazee wengine nao walishawahi kumwambia hivyo, kwamba jengo lilipofanyiwa ukarabati mbele yake iligeuzwa ikawa nyuma. Tukamshukuru, tukauzunguka ukuta polepole. Upande ule mwingine palikuwa na malori, nyaya, na vijana wanaoteremsha masanduku ya vyombo vya muziki. Mzee alisimama kwenye kona moja isiyo na kitu. Akavua glavu, akaweka kiganja ukutani. Nilidhani atasema jambo kuhusu mchezo.

"Kulikuwa na mtu," akasema. "Mzungu, mwenye koti ya kijivu. Kiti yake ilikuwa kando yangu, kila Jumamosi. Hatukuongea. Mimi Kiingereza yangu ilikuwa ya shule, naogopa. Yeye sijui naogopa nini. Nikifika, nafanya hivi." Akainamisha kichwa kidogo. "Na yeye nafanya hivi. Basi. Timu ikifunga, najigonga mimi na kiwiko, natoa peremende moja, napa mimi."

"Halafu?"

"Halafu Jumamosi moja mimi nakuja, milango imefungwa. Timu imekwisha. Wenye mali wameona haileti faida, wamefunga. Ilikuwa kwa gazeti, lakini mimi sikuwa nasoma gazeti. Nikasimama hapahapa. Nageuka, naona yule mtu, na koti yake. Yeye pia hakujua. Tukasimama wawili, sista. Nafikiri yeye alikuwa nangoja mimi niseme kitu. Mimi nangoja yeye. Halafu akafanya hivi" — akainamisha tena kichwa — "akaenda. Sijamwona mpaka leo."

Vijana wa malori walikuwa wakiitana kwa sauti. Nilimshika mzee mkono nikamrudishia glavu yake, kidole kwa kidole, kama ninavyofanya wodini. Tukapanda basi.

Nilifikiri hapo ndipo mwisho wa jambo lile, lakini wiki iliyofuata akanigongea mlango akiwa ameshavaa kofia. Wale watu waliokuwa wakikaa karibu naye, akaniambia, walikuwa na mazoea ya kuzungumzia kumbi nyingine, za timu za zamani zaidi, za kabla ya vita na baada yake kidogo, London ilipokuwa na timu za kulipwa kila upande. Yeye aliwasikia kwa miezi bila kujua wanakosema ni wapi. Sasa alitaka kupajua.

Kwa hiyo majira yale ya baridi, siku zangu za mapumziko zikapata kazi. Tulikwenda Harringay, ambako ukumbi mkubwa ulikuwepo, na tukakuta maegesho ya magari yaliyozungukwa na maduka ya fanicha na viatu na vyakula vya wanyama. Tulimuuliza msichana wa duka la viatu; alikuwa mpole, akamwuliza meneja wake, naye hakujua. Mzee akanunua soksi, kwa kuwa alisema si vizuri kuuliza bila kununua. Siku nyingine tulivuka London nzima hadi upande wa Richmond, ng'ambo ya mto, ambako palikuwa na uwanja wa barafu kando ya maji. Pana fleti za kifahari sasa. Mvua ilikuwa ikinyesha, na mwanamke mmoja mwenye mbwa akatuuliza kama tumepotea. Mzee akamwambia hapana, tumefika.

Sisemi kwamba tulifurahi sana safari zile. Alikuwa mkali akichoka. Alikataa kula kitu chochote kisichotoka kwenye mfuko wake, kwa hiyo tulikula mikate yake ya bapa yenye majani ya uwatu kwenye vituo vya basi, upepo ukitupiga. Na mara nyingine alininyamazia saa nzima, nikajikuta mpweke zaidi kuliko ningekuwa nyumbani. Lakini nilipoulizwa wodini nimefanya nini siku zangu mbili, nilikuwa na jibu.

Safari ya mwisho ilikuwa ya Streatham, kusini. Huko ukumbi wa zamani wa barabarani ulibomolewa, lakini mwingine mpya umejengwa karibu na hapo, na una barafu kweli. Tulifika mchana wa Jumamosi vijana wakifanya mazoezi, wamegawanyika timu mbili. Tukaketi kwenye ngazi za kukalia, blanketi langu magotini mwetu. Baridi ilikuwa na harufu, ya chuma na soksi mbichi. Vyuma vya viatu vilikuwa vikikwaruza barafu, kile kisahani kikipiga ubao wa pembeni kwa mlio wa bunduki, na kila mara nilishtuka.

Mzee alikaa wima. Baada ya muda nikaona macho yake hayafuati mchezo. Wachezaji walikuwa upande wa kulia, yeye anatazama katikati.

"Mzee, unaona?"

"Naona watu," akasema. "Ile kitu ndogo sioni. Imekwenda wapi?"

Mtoto wa jicho alikuwa amemla macho yote mawili, na alikuwa akiogopa upasuaji, jambo ambalo tulikuwa tumelijadili mara nyingi juu ya ua. Basi nikaanza kumtangazia. Sijawahi kutangaza mchezo maishani mwangu. "Iko kwa mwekundu. Mwekundu anaiburuta kwa gongo, anapita nyuma ya goli. Ameikosa. Mweupe ameichukua, anakuja, anakuja, amempa mwenzake mwenye mwili mdogo..." Nilipokosa neno nililitunga. Watu wawili waliokuwa mbele yetu waligeuka kututazama, kisha wakaacha. Mzee alisogea karibu ili anisikie vizuri, hadi bega lake likaegemea langu, na akabaki hivyo. Alikuwa mwepesi kama mgonjwa aliyekonda. Mweupe yule mdogo alipofunga, nilinyanyuka bila kutaka.

"Nani amefunga?" akauliza.

"Yule mdogo."

"Mzuri," akasema. "Wadogo nateseka sana kwa hii mchezo."

Wiki chache baadaye, asubuhi ya siku ya kazi, niliona mapazia yake ya jikoni hayajafunguliwa. Alikuwa amenipa ufunguo wa akiba tangu zamani. Nilimkuta sakafuni karibu na jiko, macho wazi, mguu mmoja umegeukia nje. Nilijua kwa kuutazama kwamba ni nyonga. Nilimfunika, nikaita gari la wagonjwa, nikalala chini kando yake kwenye vigae ili asigeuze shingo kunitazama.

"Utachelewa kazi," akaniambia.

"Nimeshawapigia."

"Watu yako wagonjwa."

"Na wewe je?"

Akacheka kidogo, ikamuuma, akaacha.

Binti yake alikuja siku ileile. Alikuwa mwanamke wa makamo, wa heshima, mwenye uchovu wa mtu aliyeendesha gari akilia. Kiswahili hakujua. Baada ya hospitali alimchukua baba yake kwenda naye Leicester, na hakuna aliyeweza kusema kwamba angefanya vinginevyo. Siku ya kuondoka mzee alikaa kiti cha mbele, mkanda umempita kifuani, kofia yake kichwani. Nilipoinama dirishani akaniambia nisisahau wiki ya pipa la bluu, na nimsalimie beki wa Kanada. Gari likaondoka. Nikabaki pale kando ya barabara na sare yangu ya kazi, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti changu.

Nilimpigia simu kila wiki mwanzoni. Lakini masikio yake hayakupatana na simu, na chumbani mwake kulikuwa na wajukuu na runinga. Aliniuliza swali lilelile mara mbili, kisha akampa binti yake simu, naye akanieleza kwa adabu hali ya nyonga. Mazungumzo yakawa mafupi. Nyumba yake iliuzwa kwa familia changa inayofanya kazi muda wote na kuagiza vitu viletwe mlangoni. Mjukuu wangu aliendelea na hoki; Jumapili nyingine alikaa akanisimulia, Jumapili nyingine alikuwa na wenzake, nikaambiwa, "Anakusalimia, Mama."

Binti wa mzee aliniandikia ujumbe mwishoni mwa baridi iliyofuata. Baba amefariki usingizini. Aliniambia siku na mahali pa kuchomea maiti, na kwamba ningekuja wangefurahi, lakini asingenilaumu nisipoweza, ni mbali.

Nilibadilishana zamu na mwenzangu nikaenda kwa basi la masafa. Nilivaa nguo nyeupe, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba hivyo ndivyo wanavyofanya. Ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa Mwafrika peke yangu, na watu walinipisha kwa heshima wakidhani ni muuguzi aliyemtunza, jambo ambalo halikuwa uongo wala kweli. Sala zilikuwa kwa Kigujarati. Nilimtazama kwenye jeneza. Walikuwa wamempaka alama nyekundu kipajini, na bila kofia masikio yake yalikuwa makubwa kuliko nilivyodhani.

Baadaye, nyumbani kwa binti yake, tulipewa wali uliopikwa pamoja na choroko, laini, na mchuzi wa moto wa mtindi juu yake. Binti akaja kukaa karibu nami.

"Baba alikuwa akikutaja," akaniambia kwa Kiingereza. "Lakini sikuelewa alivyosema. Alisema mlikuwa mkienda pamoja kwenye hoki."

"Tulikuwa tukienda kwenye kumbi za zamani za barafu. Wembley, Harringay, Streatham."

"Baba alipenda kriketi," akasema. "Sijawahi kumwona akitazama hoki, ya barafu wala ya aina nyingine."

Nikamweleza. Nilimweleza bango, suruali nyeupe, yule mtu wa koti la kijivu na peremende zake, na milango iliyofungwa. Alisikiliza bila kunikatiza, sahani yake ikipoa. Nilipomaliza akaniuliza kama baba yake alikuwa mpweke wakati ule. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama alikuwa mpweke Kenton. Nikatafuta la kumfariji, na yeye akaona kwamba ninatafuta. Akanishika kifundo cha mkono, akaenda jikoni.

Upande wa pili wa chumba walikuwa wamekaa wanawake wazee watatu wenye sari nyeupe. Mmoja wao alikuwa akinitazama tangu tulipoanza kula. Mwishowe akaniita kwa mkono.

"Wewe toka wapi?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Kenya, mama. Voi."

"Voi," akawaambia wenzake, kana kwamba nimetaja jina la ndugu yao. "Sisi tulikuwa nashuka Voi, usiku, treni nasimama, nakunywa chai. Iko bado ile stesheni?"

"Ipo, lakini kuna reli mpya sasa, na stesheni yake nyingine."

"Kila kitu nyingine," akasema mwenzake, na wakanisogezea nafasi kati yao.

Waliniuliza bei ya ndizi, na kama Nakuru flamingo wamerudi ziwani. Nilijibu nilichojua, na nisichokijua nikasema sijui. Mmoja aliniambia kwamba marehemu alikuwa binamu yake, na kwamba utotoni alikimbia kama swala na gongo la hoki mkononi. Nilikaa pale hadi mtu akanikumbusha saa ya basi.

Mlangoni yule aliyeniita kwanza akaniletea kopo la aiskrimu lililojazwa wali na choroko, limefungwa kwa mfuko wa plastiki, nile njiani. Sikuula njiani. Niliupasha moto nyumbani, nikala jioni ile na kesho yake nilipotoka zamu. Kopo nililiosha, nikaliweka kabatini, maana hakuna aliyesema nilirudishe.